Shahidi Aliyenuna

Karani alihesabu watu watano mbele ya dirisha lake, akahesabu karatasi, akapata nne. Akarudia kwa kidole, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina: mzee Dhiyab, mkewe Fidda, mtoto wao Nayef, na Rahaf mke wa Nayef. Kidole kikashuka hadi kwa msichana wa miaka mitano aliyekuwa akilamba chumvi ya mbegu za tikiti vidoleni.

"Na huyu?"

"Huyo Jumana," Fidda akasema. "Mjukuu wangu."

"Namwona, mama. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?"

Nayef akasogea na kusukuma chini ya kioo ile karatasi ya Umoja wa Mataifa yenye picha za familia nzima. "Huyu hapa, wa mwisho. Hata nywele ni hizo hizo."

"Hii inasema ninyi ni wakimbizi kutoka Syria mnaohifadhiwa hapa Jordan. Haisemi mtoto ni wa nani. Mpakani watataka cheti. Bila cheti, basi la Alhamisi la kurudi Syria litachukua wanne."

"Na wa tano tumfungie kwenye begi?" Fidda akauliza.

"Mimi sina la kufanya, mama. Kwa karatasi, mtoto huyu hajazaliwa."

Jumana akainua macho. "Nimezaliwa," akasema kwa sauti ya kumsahihisha. "Nina miaka mitano."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata karani alicheka, lakini hakubadilisha neno. Aliandika anwani kwenye kipande cha karatasi, ofisi ya mawakili wanaosaidia bure, akampa Fidda kwa mikono miwili kama mtu anayeomba radhi. Kisha akaita, "Anayefuata!"

Fidda alitoka pale amekaza ushungi wake kama mtu anayekwenda vitani. Kijijini kwao, upande wa Daraa, zeituni zilikuwa zimebakiza wiki chache tu kuchumwa, na shemeji yake alikwishapiga simu kusema miti imejaa mwaka huu hadi matawi yanainama. Miaka kumi na mbili alikuwa akila zeituni za dukani. Hakuwa tayari kuzuiwa na karatasi.

* * *

Wakili aliyewapokea kesho yake aliitwa Arij. Alikuwa binti mwembamba wa mji wa Mafraq, miwani imepandishwa kichwani na kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele, na alionekana hajui kwamba ziko tatu. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa: mjane kutoka Iraq na mafaili yake, Msudani mmoja aliyenyimwa mshahara wa miezi miwili, msichana kiziwi na kaka yake. Fidda alipowaona, moyo ulimtulia kidogo. Kumbe si wao peke yao wasioonekana kwenye karatasi.

Nayef akaeleza, na kila alipoeleza alizidi kuona haya. Yeye na Rahaf walioana kambini, ndani ya hema, wakafungishwa ndoa na sheikh mmoja wa kwao. Sheikh aliandika karatasi kwa mkono. Majira ya baridi yaliyofuata maji yaliingia hemani, karatasi ikawa uji. Sheikh mwenyewe alihamia Uturuki na namba yake haipatikani tena. Jumana alipozaliwa, hospitali ya kambi iliwapa taarifa ya kuzaliwa, lakini ofisi ikataka kwanza cheti cha ndoa. Nayef akasema atashughulikia wiki ijayo.

"Wiki ijayo," Arij akarudia, akiandika. "Na hiyo ilikuwa lini?"

"Miaka mitano iliyopita," Rahaf akajibu haraka, kabla mumewe hajafungua kinywa.

Dhiyab alikohoa. "Binti yangu, tuambie ukweli. Tumeharibu?"

"Mmechelewa, hamjaharibu." Arij akaiweka kalamu ya nne mezani. "Mtoto ana haki ya kuandikishwa, ya kuwa na jina na ya kujua wazazi wake, tangu anapozaliwa. Mataifa yameandikiana hilo na kutia saini, na Jordan imo. Nimeusoma mkataba huo mara nyingi kuliko barua za mchumba wangu. Hakuna mahali panaposema isipokuwa mtoto wa mkimbizi. Wala hakuna panaposema isipokuwa mtoto ambaye baba yake alingoja wiki ijayo."

Nayef akatazama viatu vyake. Fidda akampenda yule wakili papo hapo.

"Tunaanza na ndoa," Arij akaendelea. "Kadhi akiithibitisha, nitaipeleka kwa hakimu aamuru cheti cha mtoto. Taarifa ya hospitali mnayo?"

Rahaf aliitoa kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara sita.

"Vizuri sana. Sasa nataka mashahidi wawili waliokuwepo siku ya ndoa. Wasiwe baba wala mama."

"Muhsin muoka mikate," akasema Nayef. "Duka lake liko karibu na soko."

"Na wa pili?"

Rahaf alimtazama Nayef, Nayef akamtazama mama yake, kisha wote watatu wakamtazama Dhiyab. Dhiyab akalitazama pangaboi.

"Amekufa," akasema.

"Hajafa!" Fidda akadakia. "Jana nimemwona ananunua nyanya!"

* * *

Jina lake Khalaf, Baba Ghazi, mtu wa kijiji chao, na alikaa mitaa mitatu tu kutoka kwao. Kabla ya harusi ile, yeye na Dhiyab walikuwa kama kidole na kucha. Khalaf ndiye aliyezunguka kambi nzima kuazima masufuria, ndiye aliyepata kondoo mahali ambapo hata kuku alikuwa habari. Mlehi, chakula chao cha sherehe, ulipopakuliwa, ngano imerundikwa na nyama juu yake na mchuzi wa mtindi ukimiminwa, kichwa cha kondoo kikawekwa kwenye sinia kimgeukie mgeni wa heshima. Dhiyab, kwa haraka za siku ile, alikigeuza kwa sheikh. Khalaf akanuna. Dhiyab, badala ya kunyamaza, akasema mbele ya watu, "Aliyeleta masufuria atazame masufuria."

Miaka saba ilikuwa imepita. Walipokutana barabarani mmoja alivuka upande wa pili, na kama wote wawili walivuka kwa wakati mmoja, walirudi tena.

Pale ofisini Dhiyab alipendekeza njia fupi. Kwenye mkahawa mkabala na mahakama, alisema, kuna watu hukaa na kahawa zao, ukiwaambia jina lako wanakumbuka harusi yako vizuri kuliko wewe mwenyewe.

Arij alivua miwani kichwani, akaivaa machoni ili amwone sawasawa. "Mzee, siku uongo huo utakapojulikana, wa kwanza kufutwa ni mjukuu wako. Nitafutie mtu aliyekuwepo."

Basi Fidda akaenda mwenyewe, mchana, na sahani ya biringanya za kusindika mkononi. Nawfa, mke wa Khalaf, alimvuta ndani kwa mabusu kabla hajamaliza kubisha hodi. Wao wawili hawakuwahi kugombana. Miaka yote saba walikuwa wakikutana kliniki na kuwacheka waume zao.

"Mwenzangu, umeleta biringanya," Nawfa akanong'ona. "Kuna jambo."

"Kuna jambo."

Alipomaliza kueleza, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nimesikia yote."

Khalaf akatokea, amevaa kanzu ya nyumbani na sweta, uso umekunjwa kama barua ya zamani. Akaketi mbali na biringanya.

"Karibu, Mama Nayef. Wewe sina neno nawe. Huyo mtoto naye sina neno naye."

"Basi utakuja mahakamani, Baba Ghazi?"

"Nitakuja. Lakini aje kuniomba mwenyewe. Mchana, kwa mlango wa mbele, na aniite kwa jina majirani wasikie. Miaka saba mtu huyo ananiita 'yule'."

"Ni hilo tu?"

Khalaf akafikiri. "Na asilete kondoo. Sitaki kondoo. Asije akadhani nilikuwa na njaa."

* * *

Dhiyab alikataa. Alikataa Jumatatu kwa maneno, Jumanne kwa kunyamaza, Jumatano kwa kujifanya anaumwa mgongo. Fidda aliongea hadi akakauka koo.

"Mimi nimekwenda, nimekaa kwenye godoro la watu nikiomba. Wewe mguu wako una dhahabu?"

"Wewe ni mwanamke. Kwa wanawake ni rahisi."

"Rahisi! Haya, njoo ujaribu urahisi wangu siku moja tu."

Alhamisi basi likaondoka bila wao. Na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine vyumba vyao viwili, saa nne asubuhi wapangaji wapya walifika na magodoro yao kichwani. Walikuwa watu wenye adabu, na adabu yao ndiyo iliyoumiza zaidi. "Msijali, tutangoja hapa nje," walisema, wakasimama uani na watoto wao wanne wakitazama wenyeji wakitoa vitu. Fidda alibeba jiko la gesi akipita katikati yao na salamu kumi, utadhani anatembeza wageni.

Jumana alikaa ukingoni mwa barabara juu ya begi kubwa, miguu ikining'inia. Dhiyab alikuja kuketi karibu naye.

"Babu, tumekosa basi kwa sababu yangu?"

"Nani kakwambia?"

"Yule karani. Alisema mimi sijazaliwa. Kama sijazaliwa nyie nendeni, mimi nitakaa na Muhsin. Ana mikate."

Fidda, aliyekuwa nyuma yao na jiko mikononi, alimwona mumewe akiinama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari. Kisha akasimama, akaweka sawa kilemba chake, akamshika mjukuu wake mkono.

"Twende," akasema. "Tumechelewa kwa sababu ya babu yako. Sasa twende ukaone anavyorekebisha."

Walipita katikati ya mtaa, mchana kweupe, familia nzima nyuma yao na mizigo, na wapangaji wapya wakiwasaidia kubeba. Dhiyab akasimama mbele ya mlango wa mbele wa Khalaf. Akapumua mara mbili.

"Khalaf!" akaita. "Baba Ghazi! Khalaf mwana wa Shuwaish!"

Madirisha matatu yakafunguliwa. La Khalaf halikufunguliwa.

"Nasikia," ikasema sauti kutoka ndani. "Endelea."

"Nimekuja."

"Hilo naliona kwenye tundu la ufunguo."

"Kile kichwa kilikuwa chako!" Dhiyab akapaza sauti, shingo imekuwa nyekundu. "Sheikh hata hakukila, alikuwa na meno mawili! Nilijua siku ile ile kwamba kilikuwa chako. Nilikuwa na haya ya kusema, kisha haya ikazeeka, ikawa kiburi. Haya, nimesema! Mama Fulani kule dirishani, umesikia, au nirudie?"

"Rudia kidogo," akasema yule jirani.

Mlango ukafunguka. Khalaf alisimama pale akijaribu kuendelea kununa, lakini uso haukumtii. Alimtazama Dhiyab, akaitazama mizigo, jiko la gesi, magodoro, na watu tisa asiowajua.

"Hawa wote wanahamia kwangu?"

"Hapana, sisi ni wapangaji wapya," akasema mmoja wao. "Tunasindikiza tu."

Khalaf akacheka hadi akashika mlango. Wazee wawili wakakumbatiana vibaya, kilemba cha mmoja kikamwangukia mwenzake. Nawfa alikuwa ameshachukua jiko mikononi mwa Fidda. Jioni hiyo familia ya Dhiyab ilipewa chumba cha mbele, na hakuna aliyeuliza ni cha siku ngapi.

* * *

Kadhi alikuwa mtu mnene mwenye mafua, na leso haikumtoka mkononi. Alisikiliza maelezo ya Arij, akawauliza Nayef na Rahaf, mmoja baada ya mwingine.

"Mahari yalikuwa nini?"

"Ya mbele, ya papo hapo, pete, Mheshimiwa," akasema Nayef. "Ya baadaye lira tatu za dhahabu."

Rahaf naye akaulizwa. "Pete," akasema, "na lira tano."

Kadhi akashusha leso. Arij akafumba macho kidogo. Fidda, kwenye benchi la nyuma, alimfinya mwanawe mgongoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mmoja anasema tatu, mwingine tano," kadhi akasema polepole. "Watu waliooana hupatana walau juu ya hilo. Niitieni shahidi wa kwanza."

Muhsin muoka mikate akaingia na unga kwenye nyusi. Aliapa. Ndiyo, alikuwepo. Ndiyo, Nayef na Rahaf walioana, ami wa bibi harusi akiwa walii wa kumwoza. Mahari? Hapo Muhsin akajikuna. "Mheshimiwa, nilikuwa natazama mikate. Mikate ya harusi ukiiacha dakika moja imeungua."

"Tarehe?"

"Kulikuwa na vumbi," akasema Muhsin kwa matumaini.

Kadhi akapiga chafya, akaandika kitu kifupi ambacho Fidda hakukipenda. Kama huyu wa pili naye angekumbuka vumbi tu, alifikiri, Jumana angebaki kuwa mtoto wa hewa, asiyeweza kuvuka mpaka wala kuandikishwa shule mpya, na kesho asiyeweza hata kuolewa.

Khalaf akaingia. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la sherehe. Akaapa kwa sauti iliyojaza chumba.

"Unakumbuka ndoa hii?"

"Mheshimiwa, nakumbuka kuliko yangu. Ilikuwa Ijumaa, ya pili katika mwezi wa tatu, baada ya swala ya alasiri. Upepo uling'oa hema la jirani. Walii alikuwa ami wa huyu binti, Baba Adnan, amevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja kahawia. Mimi niliketi wa pili kuliani kwa sheikh. Huyu Dhiyab alikuwa amesimama pale, na sinia lilipoletwa…"

"Mahari, mzee."

"Nafika huko. Ya mbele pete, yenye jiwe la kijani, ya plastiki lakini nzuri. Ya baadaye lira tano za dhahabu. Bwana harusi alisema tatu, ami akasema saba, sheikh akawapatanisha kwenye tano. Bwana harusi akaitikia 'nimekubali' mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikwama."

Nayef akashika kichwa. "Ni kweli," akanong'ona. "Nilianza na tatu."

Kadhi alimtazama Khalaf kwa muda. "Miaka saba imepita. Unakumbukaje hata viatu?"

Khalaf akanyoosha mgongo. "Nilidharauliwa siku hiyo, Mheshimiwa. Nikairudia kichwani kila siku tangu hapo. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka saba. Hakuna kitu cha harusi ile ambacho sikukitazama mara elfu."

Kisha mabega ya kadhi yakaanza kutikisika, na Fidda alidhani ni mafua, kumbe ni kicheko. Karani wa mahakama alijificha nyuma ya daftari.

"Na sasa hivi?" kadhi akauliza, akifuta macho. "Bado umeudhika?"

Khalaf aligeuka kumtafuta Dhiyab kwenye benchi. "Sasa hivi anakaa kwangu," akasema. "Anakoroma. Nina jambo jipya la kuudhika nalo."

Kadhi akaandika kwa muda mrefu. Aliposoma uamuzi, ndoa ya Nayef na Rahaf ilithibitishwa kuanzia Ijumaa ile, kwa mahari ya lira tano za dhahabu. Rahaf alimgeukia mumewe kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi mbili kwa siku moja.

* * *

Wiki tatu zikapita kabla hakimu hajaamuru cheti, na wiki hizo tatu nyumba ya Khalaf haikupata utulivu. Wazee wawili walibishana juu ya kila kitu: namna ya kupogoa zeituni, namna ya kuchemsha chai, mpaka wa shamba ambalo wote wawili hawajaliona miaka kumi na mbili. Arij alipoleta cheti mwenyewe, alikuta wanabishana, na ilibidi asubiri wamalize. Kisha akampa Fidda.

Fidda hakujua kusoma, ila jina la mjukuu wake alikuwa amemwomba Rahaf amfundishe. Alilitafuta kwa kidole, akalikuta. Akakiweka cheti shavuni.

"Usikiloweshe, Mama Nayef," Khalaf akamwonya. "Karatasi za familia yenu hazipatani na maji."

Yeye Khalaf hakuwa anarudi. Nyumba yake kijijini ilibaki kuta mbili, na mtoto wake Ghazi hakuwa amepata kazi huko. "Sijaamua," alisema kila alipoulizwa, "na hakuna wa kuniamulia." Siku ya safari alibeba begi kubwa zaidi mpaka kituoni, akakataa kusaidiwa, akampa Dhiyab ufunguo wa nyumba isiyo na mlango, ili apite kuitazama.

Kituoni, mwanamke wa Umoja wa Mataifa mwenye kizibao cha buluu aliwaita mmoja mmoja kwenye kiti cha pembeni. Ilikuwa kanuni, alieleza. Mkimbizi harudishwi kwa nguvu, wala kwa kusukumwa na jamaa, na kila mtu lazima aulizwe peke yake. Dhiyab akajibu ndiyo, kwa hiari. Nayef ndiyo. Rahaf ndiyo. Fidda alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Mwanamke akakichukua cheti kipya, kikavu, kisicho na kunjo hata moja. Akakisoma, akamtazama msichana aliyesimama mbele yake na nywele zimesukwa kwa nguvu hadi macho yamevutika. Kwa kawaida watoto hawakuulizwa, lakini huyu alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti.

"Haya, Jumana binti Nayef," akasema kwa upole. "Na wewe, unarudi Syria kwa hiari yako?"

Jumana akafikiri. Alifikiri kweli, na basi likingoja.

"Mimi sirudi," akasema. "Mimi nilizaliwa hapa. Huko ndiyo kwanza naenda."

Mwanamke alitazama fomu yake, ambayo haikuwa na mahali pa jibu kama hilo. Akaigeuza upande wa nyuma, ulio mweupe, akaandika neno kwa neno kama alivyoambiwa, kisha akampa Jumana kalamu aweke sahihi.